Datsun 240Z, Celica GT-Four au Mazda RX-7: Chagua Ugonjwa Utakaoweza Kuuguza

Mpwa wangu amepata kazi nzuri, ameweka akiba, na juzi baada ya swala ya Ijumaa alinijia na swali. "Shikamoo mjomba. Kati ya Datsun Z, Celica GT-Four na RX-7, ninunue ipi?" Nilimjibu kwa swali: "Fundi wako ni nani?" Akanyamaza. Nguvu za farasi za kila gari alizijua kwa moyo, lakini hakuwa na jina la mtu hata mmoja anayejua kuchomelea bati, kusawazisha kabureta au kupima injini ya rota.

Nimeuandika ulinganisho huu kwa ajili yake, na kwa yeyote anayeyatamani magari haya. Watu huyatia kapu moja kwa kuwa yote ni ya Kijapani, yote ni ya mbio na yote yamekula chumvi. Mimi nayaona kama wagonjwa watatu wa wodi tofauti. Datsun Z huumwa mifupa: bati linaliwa na kutu huku injini ikienda kama saa. Celica huumwa mishipa: hozi, nyaya, turbo, vidogo vingi vinavyochosha. RX-7 huumwa moyo: gari zima linaweza kung'aa ilhali injini iko ukingoni. Kabla ya kuuliza lipi lina kasi, jiulize ni ugonjwa upi ambao tabibu wake yuko karibu nawe.

Datsun 240Z

Nissan iliitoa nyumbani Japani mwezi Oktoba 1969 kwa jina la Fairlady Z. Nje iliuzwa kama Datsun 240Z hadi 1973, kisha zikafuata 260Z na 280Z. Marekani ilianza kwa dola 3,526, na Wamarekani waliigombania. Huku kwetu iliheshimiwa kwa sababu nyingine. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiwa ndani ya 240Z, na Shekhar Mehta akafika wa pili kwa 240Z nyingine. Mwaka 1973 Mehta alishinda mwenyewe, pamoja na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström wa Datsun 1800 SSS. Kwa waliosimama kando ya barabara miaka ile wakala vumbi, Z ni gari la nyumbani.

Injini yake ndiyo sehemu inayonipa raha kuieleza. Inaitwa L24: silinda sita katika mstari mmoja, ujazo wa sentimita 2,393, kamshafti moja juu ya hedi, na inavutwa na cheni, kwa hiyo hakuna mkanda wa kukukatikia njiani. Sasa sikiliza jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. L24 ni L16 iliyoongezwa silinda mbili. Kipenyo cha silinda ni milimita 83 na mwendo wa pistoni ni milimita 73.7 kwa zote mbili. Na L16 ndiyo iliyokuwa ndani ya Datsun 1600, 160B na 160J, magari yaliyojaa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam enzi zile. Maana yake, mzee aliyekuwa akifungua injini ya 160J mwaka 1980 tayari anaijua L24 kwa zaidi ya nusu. Mtafute angali na nguvu. Mkalishe, mpe chai, na mlete kijana ajifunze kwake.

Kazi za kawaida za injini hii mtu mwenye subira anaweza kuzifanya uani. Uwazi wa valvu hupimwa kwa kipimo cha vibati: injini ikiwa baridi, milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza na 0.25 kwa za kutoa. Plagi ni sita, pointi za distributa husafishwa na kuwekewa nafasi yake, oili inabadilishwa, basi. Kinachowashinda wengi ni kabureta mbili za Hitachi, zilizoundwa kwa mtindo wa SU ya Kiingereza. Zikitofautiana kidogo tu, injini inatetemeka na kunuka petroli. Fundi mzuri huchukua kipande cha hozi, ncha moja sikioni na nyingine mdomoni mwa kabureta, anasikiliza mluzi wa hewa upande mmoja kisha wa pili, na kugeuza skrubu mpaka miluzi ilingane. Usisahau pia oili kidogo inayotiwa juu kwenye kifuniko cha kila kabureta. Ikikauka, gari linasita unapokanyaga ghafla, na nimeona watu wakinunua kabureta nzima kwa sababu ya kijiko cha oili.

Halafu kuna suala la mwinuko. Gari lililosawazishwa Mombasa, usawa wa bahari, likipanda Nairobi linapata hewa nyepesi na hivyo petroli inazidi: plagi zinakuwa nyeusi na nguvu zinapungua. Ukihamia bara, nati ya chini ya kila kabureta inapandishwa kidogo kupunguza petroli; ukirudi pwani inateremshwa. Hilo si ubovu, na usikubali fundi akutoze kama ubovu.

Sasa mifupa. Z haina chesisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Kutu ikila sakafu na mihimili ya chini, imekula gari. Pa kuangalia ni hapa: chini ya trei ya betri, ambako asidi ya miaka 50 imedondoka, mihimili inayopita chini ya miguu ya dereva na abiria, kingo za chini za milango na pale nyuma ya mlango kabla ya tairi, kisima cha tairi la akiba, na kingo za mlango wa nyuma. Mahali pabaya zaidi hapaonekani kabisa: ni shimo la hewa chini ya kioo cha mbele. Majani huingia, yanaziba mirija ya kutolea maji, maji yanalala humo, na kutu inaanza kwa ndani. Ukiegesha chini ya mwarobaini, kama nilivyofanya mimi miaka mingi, jua kwamba unaulisha mtaro ule kila siku.

Nilipoinunua yangu rangi ilikuwa laini kama kigae. Sikubeba sumaku ya kupimia kama chini ya rangi kuna bati au puti. Miezi 3 baadaye rangi ilianza kufutuka nyuma ya mlango wa kushoto, na fundi wa bodi alipokwangua, akatoa puti yenye unene wa kidole. Chini yake hapakuwa na bati, palikuwa na gazeti lililokunjwa. Kuchomelea kulichukua miezi 14, na gharama yake ilizidi bei niliyolipia gari. Nasema hivi bila kumlaumu muuzaji peke yake. Nilikwenda kuangalia gari jioni, mwanga ukiwa umeshaondoka, na moyo ukiwa umeshanunua.

Faraja ni kwamba sehemu kubwa ya Z ziliuzwa Marekani, kwa hiyo huko watengenezaji wanatoa sakafu mpya, mihimili, rababu za milango na karibu kila bati. Kinachouma ni gharama ya meli na ushuru. Sakafu mpwa wangu anaweza kukunjiwa na fundi hodari wa Jua Kali kwa bati la unene unaofaa, mihimili ningeagiza.

Celica GT-Four ST185

Hii ni ya 1989 hadi 1993, na kwa mtazamo wangu ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Ina injini ya 3S-GTE ya sentimita za ujazo 1,998 yenye turbo, inavuta kwa magurudumu yote manne, na ile ya soko la Japani ilitoka na nguvu ya farasi 225 hivi. Safari Rally iliibeba mara nne mfululizo: Carlos Sainz 1992, Juha Kankkunen 1993, Ian Duncan wetu wa Kenya 1994, na Yoshio Fujimoto 1995. Mwaka 1993 Toyota ilishika nafasi nne za kwanza zote. Mwenye kuitilia shaka bodi na miguu ya Celica akumbuke barabara zilizowapa matokeo hayo.

Upande wa matengenezo, uzuri wake mkubwa ni ukoo. Injini za 3S zilikuwamo ndani ya Camry, Carina, Corona na RAV4 za mwanzo. Fundi yeyote aliyezoea Toyota za miaka ile hatashtuka akiifungua kwa chini. Ukienda Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au Gerezani, Dar es Salaam, ukataja 3S, mwenye duka anajua unachosema. Ukimwambia L24 atakuuliza baba yako alikuwa nani.

Ila usidanganyike kwamba kila kitu kinaingiliana. Hedi, turbo na mfumo wa hewa ni vya kwake mwenyewe. Turbo yake, CT26, hupata nyufa kwenye ganda la upande wa moshi. Ikitoa moshi wa buluu baada ya kuteremka mlima bila kukanyaga, ujue sili zimechoka. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwa gari ambalo historia yake huijui, ubadilishe wiki ya kwanza pamoja na kikazio chake na pampu ya maji. Usingoje mshahara wa mwezi ujao.

Kisha mishipa. Boneti ya ST185 ukiifungua unaona tambi: vihozi vyembamba vya hewa vinavyoongoza turbo na vali mbalimbali, vyote vikiwa vimekaa kwenye joto miaka 30. Vinakauka na kupasuka kimoja kimoja. Dalili zake ni za kukuchanganya: leo gari halina nguvu, kesho mlio wa injini unapanda na kushuka lenyewe, kesho kutwa liko sawa. Dawa si kuwinda kimoja kimoja. Toa vyote, piga picha kila kimoja kabla ya kukigusa, weka vya silikoni, Jumamosi mbili zimekwisha na gari limerudi ujana. Matatizo mengi ninayosikia watu wakiyaita "injini imekufa" yaliishia kwenye hozi ya shilingi chache.

Kwa kuwa magurudumu yote yanavuta, matairi manne lazima yawe ya saizi moja na yaliyoisha kwa kiwango kimoja. Ukichanganya mapya na makuukuu, difa ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inafanya kazi bila kupumzika na inapata joto hadi inaharibika. Siku ya kulijaribu gari, zungusha usukani mpaka mwisho kwenye uwanja wa sakafu ngumu na uende taratibu; likigoma au kuruka, kuna gharama kubwa inakusubiri.

Udhaifu wake halisi ni urembo. Taa, bampa, boneti yenye mdomo wa hewa, vitambaa vya viti, plastiki za dashibodi: hivi havina ndugu kwenye Carina wala RAV4. Toyota ilipoanza kutengeneza tena vipuri vya magari yake ya zamani mwaka 2020, ilianza na Supra na 2000GT, si Celica. Kwa hiyo usinunue Celica iliyogongwa mbele kwa kudhani utapata vipande. Nunua iliyokamilika hata kama injini inavuta moshi, maana injini inatengenezeka.

Mazda RX-7 FD

Nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo inayopendwa zaidi na vijana na ndiyo inayowaumiza zaidi. FD, kwa jina kamili la kiwandani FD3S, ilitoka Desemba 1991 na ya mwisho ikatengenezwa Agosti 2002. Zote pamoja ni 68,589. Haina pistoni. Ndani yake kuna rota mbili zenye umbo la pembetatu iliyovimba, zinazozunguka ndani ya vyumba vyenye umbo la yai lililobanwa kiunoni. Ujazo ni sentimita 1,308 tu, lakini kwa turbo mbili zinazopokezana, nguvu ilianzia farasi 255 na kufika 280 mwaka 1999. Gari lenyewe ni jepesi, karibu kilo 1,250 hadi 1,300 kutegemea toleo. Ukiliendesha, injini inapanda kasi bila kutetemeka kama mtu anayefungua zipu. Hakuna jingine katika haya matatu linalofanya hivyo.

Sasa moyo. Kwenye kila ncha ya rota kuna kipande chembamba cha chuma kiitwacho sili ya epeksi. Ndicho kinachoziba mgandamizo, kama ringi za pistoni zinavyofanya kwenye injini ya kawaida. Injini hunyunyiziwa oili kidogo kwa makusudi ili kukilainisha, kwa hiyo RX-7 nzima, isiyo na tatizo lolote, inakula oili. Asiyeangalia kijiti cha oili kila anapojaza petroli asilimiliki gari hili. Wengi huongeza pia oili ya mchanganyiko, ile ya injini za pikipiki za zamani, kwenye tangi la petroli. Mimi naunga mkono.

Kinachovunja sili hizo ni mlipuko wa kabla ya wakati, ule mgongano wa ndani unaosikika kama kokoto, na chanzo chake kikubwa ni petroli dhaifu na joto. Japani, gari hili lilizoea petroli ya daraja la juu inayokaribia oktani 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Ukilitia petroli ya daraja la chini huku mwenye gari wa kwanza alishapandisha shinikizo la turbo, unaweza kuzima injini kwa kukanyaga mara moja barabara ya Naivasha. Hivyo kabla ya kuulizia bei, uliza shinikizo la turbo limeguswa au la, na lipimwe.

Joto nalo ni adui anayejulikana. Kuna kitangi kidogo cha plastiki cha kutenga hewa na maji ya rejeta, na plastiki ile hupasuka kwa uzee. Maji yanakwisha kimyakimya, na injini inakwenda nayo. Kibadilishe kiwe cha alumini siku ya kwanza. Badili pia rejeta kama bado ina vichwa vya plastiki. Ukiwasha injini ikiwa baridi, usiizime baada ya sekunde chache, kwa mfano kusogeza gari getini. Petroli inajaa ndani na haitawaka tena mpaka plagi zitolewe. Iache ipate joto.

Kipimo kimoja hakina mbadala, nacho ni mgandamizo. Kila rota ina nyuso tatu, hivyo unahitaji namba tatu kwa kila rota, sita kwa jumla, kwa kipimo maalumu cha rota. Mazda iliweka kiwango cha kawaida kuwa kilo 8.5 kwa sentimita ya mraba kwa mizunguko 250 kwa dakika, cha chini kabisa kilo 7, na tofauti ya nyuso isizidi 1.5. Rafiki yangu alipimiwa kwa kipimo cha pistoni, sindano ikapanda vizuri, akaambiwa injini ni mpya. Kipimo kile hushika namba kubwa kuliko zote na kuificha iliyokufa. Kama huna kipimo maalumu, toa kivalvu kidogo cha kipimo cha kawaida, zungusha injini kwa stata na utazame sindano: iruke mara tatu kwa nguvu sawa, tatu, tatu. Ruko moja likiwa dogo, sili moja imeondoka.

Hapa tena mwinuko unaingia. Nairobi iko juu karibu mita 1,700 na zaidi, hewa yake ni nyepesi, na namba zitakuwa chini kuliko zile za kitabu hata kwa injini nzima. Nimemsikia mtu akikataa RX-7 nzuri ya Nairobi kwa sababu ilisoma 6.9, na mwingine akijivunia 7.2 ya Mombasa ambayo kwa kweli ilikuwa imechoka. Kinachokuambia ukweli bara ni kulingana kwa namba kuliko ukubwa wake.

Injini ikifika mwisho inafunguliwa na kupangwa upya. Kazi yenyewe si uchawi, vipande ni vichache kuliko vya injini ya pistoni. Lakini inataka mtu aliyewahi kuifanya, meza safi na sili mpya za asili. Gharama yake peke yake inaweza kukununulia gari dogo la kutembelea. Mazda imerudisha kutengeneza baadhi ya vipuri vya FD na vya FC, RX-7 iliyoitangulia, jambo linalostahili shukrani, ila fundi wa rota haletwi kwa meli.

Thamani inapimwaje

Bei za magari haya hazifuati sheria ya gari la kawaida, la kushuka kila mwaka. Januari 2020 240Z moja ya asili na iliyotembea kidogo sana iliuzwa kwa mnada wa mtandaoni Marekani kwa dola 310,000. Namba ile imewapanda kichwani wauzaji wengi. Kila mwenye Z iliyooza sasa anaitaja. Mjibu kwa upole: gari lile lilikuwa na bati lake la kiwandani, rangi yake na historia yake. Yeye ana nini?

Upande wa miaka ya 1990, Marekani huruhusu gari lolote liingie likitimiza miaka 25, na hapo ndipo magari mengi ya Japani yalipopanda bei: wanunuzi wa huko hungoja tarehe. RX-7 Spirit R, toleo la mwisho la 2002 lililotengenezwa 1,500 tu, inafikisha umri huo 2027, na wenye nazo Japani wanalijua hilo.

Kwetu, kinachoamua ni mpaka. Kenya haipokei gari lililotumika zaidi ya miaka 8, na Uganda tangu 2018 imeweka miaka 15. Tanzania hupokea, lakini gari kuukuu hutozwa ushuru wa uchakavu. Kwa mnunuzi wa Kenya maana yake ni kwamba yaliyopo ndani ndiyo hayohayo. Ndiyo maana namba ya chesisi lazima ilingane na kitabu cha gari kabla hujatoa hata shilingi ya kwanza. Kwenye Z namba imegongwa kwenye ukuta unaotenga chumba cha injini na cha abiria, na kibati kilicho kwenye chumba cha injini kinataja pia namba ya injini. Ikilingana na iliyo kwenye bloku, thamani inapanda. Isipolingana si msiba, injini ya L28 ya 280Z ndani ya 240Z huleta nguvu nzuri, ila usilipie bei ya asili.

Kwa gari linalotoka Japani, dai karatasi ya mnada na ujifunze kuisoma. Daraja la 4 ni zuri kwa umri huu, 3.5 linakubalika, R au RA linamaanisha lilishagongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni mahali palipopakwa rangi tena, S ni kutu, C ni bati lililoliwa. Karatasi yenye A nyingi isikutishe. Karatasi yenye S na C chini, iache, hata kama muuzaji anakupigia simu usiku.

Jambo moja ningelisisitiza kwa vijana: ukibadilisha kitu, usitupe cha zamani. Rimu za asili, usukani, hata bomba la moshi, funga kwenye gunia na uandike. Watu wawili wanauza Celica zinazofanana. Mmoja ana rimu za asili na risiti za miaka 15 kwenye faili, mwingine ana maneno. Nani atapata bei, huhitaji kuniuliza. Na ukikata bima, dai mthamini aje aone gari, apige picha, aandike thamani kwa hali yake, vinginevyo utalipwa kama uliyepoteza gari bovu la miaka 50.

Basi nani achukue lipi

Kama unaye fundi wa bodi unayemwamini kama ndugu, na huna haraka, chukua Z. Injini haitakuumiza, na kila shilingi unayoiweka kwenye bati inabaki ndani ya gari. Kwa mkaaji wa pwani ningeongeza sharti: uwe na gereji yenye paa na upepo, maana chumvi ya bahari haina Jumapili.

Kama unataka kuliendesha kila wiki, kwenda Voi na kurudi na familia, mpaka Moshi kwenye arusi, chukua Celica. Ndiyo niliyomwambia mpwa wangu. Anaishi Nairobi, mafundi wa Toyota wamemzunguka, na mshahara wake unaweza kubeba hozi na turbo kwa awamu. Uso wake ulishuka kidogo, kwa sababu moyo wake uko kwa RX-7, na mimi namwelewa kabisa. Niliwahi kukaa ndani ya FD nikashuka nikiwa kimya dakika nzima.

RX-7 nayo si ya kukatazwa. Ni ya mtu ambaye tayari ana gari la kazini, ana pesa ya injini moja nzima imelala benki kabla hajanunua, na ameshazungumza na fundi wa rota ana kwa ana. Akivikosa viwili kati ya hivyo, asubiri.

Tumekubaliana na mpwa kwamba tutaangalia zote mbili, Celica moja na RX-7 moja, Jumamosi hii. Tunabeba sumaku iliyofungwa kitambaa, tochi, spana ya plagi, kipimo cha mgandamizo kilichotolewa kivalvu, na gunia la kulalia chini. Wauzaji wote wawili tumewaomba wasiwashe injini kabla hatujafika, nasi tutaishika kwa kiganja kuhakikisha ni baridi. Tutaendesha nusu saa mpaka lipate joto sawasawa, tutazima, tutakunywa chai dakika kumi, kisha tutawasha tena. RX-7 iliyochoka huwaka vizuri asubuhi ikiwa baridi. Ni pale inapowashwa mara ya pili, ikiwa moto, ndipo stata inazunguka na kuzunguka na injini haikamati.